Nzi Asiyezaa: Historia ya Vuli Katika Maziwa ya Rangeley

Kwetu Afrika Mashariki vuli ni mvua. Katika nchi za kaskazini, neno hilohilo hutumika kwa majira yaliyo baina ya kiangazi na baridi kali, majani ya miti yanapogeuka manjano na mekundu kisha yakapukutika. Huko Maine, jimbo la kaskazini-mashariki mwa Marekani, majira hayo huanza kujionyesha mwezi Septemba, na kwa wavuvi wa mshipi ndiyo siku zinazongojwa mwaka mzima. Wengi wao huvua kwa nzi wa bandia, yaani ndoana iliyofungwa manyoya, uzi na singa ili ifanane na mdudu au samaki mdogo. Uvuvi huo una historia ya zaidi ya miaka 150 katika maziwa ya Rangeley, magharibi mwa jimbo hilo, na kwa muda mrefu imesimuliwa kama historia ya samaki wakubwa na watu mashuhuri waliowafuata. Ina fundisho lingine lenye uzito zaidi. Maziwa yale yaliumizwa na ndoana, na nyavu pia ziliyaumiza, lakini jeraha lisilopona lilitokana na samaki wageni waliomiminwa humo na watu waliolipenda ziwa na kutaka kulitajirisha. Ukiifuata historia hiyo mwaka kwa mwaka, utaona kwamba sifa kubwa ya nzi wa bandia ni moja ambayo waliomsifu hawakuitaja: nzi huyo hazai.

Rangeley ni msururu wa maziwa kwenye chanzo cha mto Androscoggin, na mengi kati yake bado yana majina ya Waabenaki, wenyeji wa asili wa nchi ile: Mooselookmeguntic, Cupsuptic, Kennebago, Umbagog. Samaki aliyeyapa sifa ni trauti wa kijito, ambaye wanasayansi humwita Salvelinus fontinalis. Mgongo wake ni wa kijani kilichokolea, wenye michirizi kama njia za minyoo. Ubavuni ana madoa mekundu yaliyozungushiwa buluu, na mapezi yake ya chini yana ukingo mweupe kama chaki. Ni samaki wa maji baridi, na joto likipita nyuzi 20 za Selsiasi huanza kutaabika. Kwa hiyo wakati wa kiangazi, maji yaliyopata joto yanapokaa juu na yale ya baridi, yaliyo mazito zaidi, yanapobaki chini, trauti hujificha kilindini na mvuvi wa nzi hurusha mshipi wake bure. Septemba mambo huanza kugeuka. Usiku ukianza kuwa wa baridi, maji ya juu hupoa, huongezeka uzito na kuzama, na upepo huyakoroga pamoja na yale ya chini. Hapo trauti hupanda, husogea ukingoni na kukusanyika kwenye midomo ya mito, madume wakiwa wamegeuka rangi ya chungwa tumboni kama waliovishwa nguo za harusi.

Wanachokifuata ni uzazi. Oktoba jike hutafuta changarawe ambayo maji ya chemchemi hupenya kutoka chini yake. Hulala ubavu na kupiga mkia mara kadhaa kwa nguvu, changarawe huruka, na shimo dogo hufanyika. Hutaga humo, dume huyarutubisha mayai, kisha jike huyafagilia changarawe mpaka yakafunikwa. Mayai hayo hukaa chini ya barafu majira yote ya baridi, yakipewa uhai na ile chemchemi isiyoganda. Basi majira ambayo trauti ni rahisi zaidi kuvuliwa ndiyo majira ambayo kumpoteza kuna hasara kubwa zaidi, maana kila jike anayetolewa majini anakwenda na kizazi cha mwaka unaofuata. Ndiyo sababu katika maziwa mengi ya Maine msimu wa kawaida hufungwa tarehe 30 Septemba, na yale yanayoachwa wazi Oktoba huwa na masharti makali, likiwemo la kumrudisha samaki majini akiwa hai. Sharti hilo ni la busara. Hata hivyo, linalinda dhidi ya hatari moja tu, na historia ya Rangeley inaonyesha kwamba hatari iliyo kubwa zaidi iliingia kwa mlango mwingine.

Sifa za Rangeley zilitoka nje mwaka 1863, George Shepard Page aliporudi New York na trauti wanane waliokuwa na uzito wa zaidi ya kilo 23 kwa jumla, yaani karibu kilo tatu kila mmoja. Watu hawakuamini. Katika vijito vya mashariki mwa Marekani, trauti wa nusu kilo alikuwa tayari ni wa kujivunia, kwa hiyo wengi walisema hao ni samaki wa aina nyingine. Ubishi ulimalizwa na Louis Agassiz, mwanasayansi wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyethibitisha kwamba ni trauti wa kijito kweli. Kabla muongo ule haujaisha, Page na wenzake matajiri walikuwa wameunda Oquossoc Angling Association, chama chenye kambi yake kando ya maji yale. Mwaka 1891 reli nyembamba ilifika Rangeley, na hoteli zikaota kando ya maziwa. Cornelia Crosby, mwanamke wa hapohapo Maine aliyejulikana kwa jina la kalamu la Fly Rod, aliyaandika maziwa hayo magazetini mpaka wageni wakamiminika, na mwaka 1897 jimbo lilipoanza kuwasajili waongoza wavuvi na wawindaji, cheti namba moja kilikuwa chake. Uvuvi ukawa riziki ya wapiga makasia, wapishi, wajenzi wa mitumbwi na wenye nyumba za wageni.

Kwa nini trauti wa pale walikuwa wakubwa kiasi kile? Jibu lilikuwa kilindini. Pamoja nao aliishi samaki mdogo wa jamii ileile, trauti mgongo-buluu, aliyeelezwa kisayansi na Charles Girard katika miaka ya 1850 na kupewa jina la oquassa kutokana na jina la zamani la ziwa Rangeley lenyewe. Urefu wake ulikuwa wa kiganja cha mkono au zaidi kidogo. Mwaka mzima hakuonekana, kwa kuwa makao yake yalikuwa chini kabisa kwenye maji ya baridi, ambako trauti wakubwa walimla wakanenepa. Ilipofika Oktoba alipanda. Wagongo-buluu waliingia katika vijito kwa makundi mazito kiasi kwamba wenyeji waliwachota kwa nyavu za mkono, wakawapakia kwenye mikokoteni, wakawatia chumvi na kuwakausha kwa moshi kwa ajili ya majira ya baridi. Kwa familia za mashamba ya milimani, hiyo ndiyo iliyokuwa vuli: kama dagaa wa mwezi mchanga kwa watu wa Mwanza au Ukerewe, ni chakula kinachokuja kwa tarehe yake, bila kupandwa na bila kulishwa.

Sasa tazama kilichofuata. Trauti wakubwa walipoanza kupungua, makamishna wa samaki wa jimbo pamoja na wapenzi wa uvuvi walitafuta dawa. Dawa ya enzi ile ilikuwa kuongeza samaki. Karne ya 19 iliamini kwamba ziwa ni kama shamba, na kwamba mwenye akili hupanda humo mbegu iliyo bora. Imani hiyo haikuishia Marekani: mwaka 1905 Ewart Grogan aliingiza mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Scotland, hadi mto Gura katika milima ya Aberdare nchini Kenya, na trauti wakawa samaki wa mito ya Mlima Kenya na Aberdare hadi leo. Huko Rangeley waliletwa salmoni wa ziwani katika miaka ya 1870, samaki mwenye nguvu, arukaye juu ya maji akishikwa na ndoana. Kisha, ili salmoni wapate chakula, katika miaka ya 1890 wakaletwa smelti, samaki wadogo wembamba wenye rangi ya fedha. Hesabu yao ilikuwa nyepesi: mla mpya, chakula kipya, na faida juu ya faida. Hawakumhesabu mgongo-buluu. Salmoni walimla, na smelti, ambao hula vidudu vilevile vya majini na vifaranga wa samaki wengine, wakambana kutoka upande wa pili. Ilipofika mwanzoni mwa karne ya 20, makundi ya Oktoba hayakuonekana tena. William Converse Kendall, mtaalamu wa idara ya uvuvi ya serikali ya Marekani, alichapisha mwaka 1918 uchunguzi mrefu juu ya maziwa ya Rangeley, na samaki aliyewahi kujazwa kwenye mikokoteni alikuwa amekwisha kuwa habari ya zamani.

Katika maziwa hayo yaliyobadilika ndipo alipozaliwa nzi mashuhuri kuliko wote wa nchi ile. Carrie Stevens alikuwa fundi wa kofia za wanawake, mume wake akiwa mwongoza wavuvi, na makazi yao yalikuwa Upper Dam, pale maji ya Mooselookmeguntic yanapoporomoka kwenda ziwa la chini yake. Tarehe 1 Julai 1924 alijaribu nzi aliyemfunga mwenyewe kwa kuigiza smelti, akanasa trauti wa kijito mwenye uzito wa kilo tatu na ushei, ambaye alimpatia nafasi ya pili katika mashindano ya jarida la Field & Stream. Kutokana na majaribio yake alitokea Gray Ghost, yaani Mzuka wa Kijivu. Inafaa kumtazama kwa karibu. Ndoana ni ndefu, imeviringishwa uzi laini wa rangi ya chungwa, na juu yake utepe wa fedha unaozunguka kama pete. Chini ya shingo ya ndoana zinaning'inia singa nyeupe za mkia wa mbawala, na mgongoni yamelazwa manyoya marefu ya kijivu ambayo yakilowa hubana yakawa kiwiliwili kimoja chembamba. Ubavuni kuna unyoya wa jogoo mwitu wa India wenye doa linalong'aa, nalo ndilo jicho. Mwanamke huyo alifunga haya yote kwa vidole vyake, bila jiliwa la kushikia ndoana. Akivutwa majini, nzi huyo hutikisika na kumeta kama smelti aliye hai. Kwa maneno mengine, ni picha kamili ya mgeni aliyechangia kumwangamiza mgongo-buluu, tofauti yao ikiwa kwamba nzi anatolewa majini jioni na kurudishwa mfukoni.

Wapo watakaosema kwamba lawama hizi zimeelekezwa pasipo, kwani mgongo-buluu alimalizwa na nyavu. Hoja hiyo ina nguvu, na haifai kupuuzwa. Kuvua samaki katika wiki anayotaga, tena kwa mikokoteni, ni kukata mti kwenye shina. Zaidi ya hayo, mabwawa yaliyojengwa ili kusafirisha magogo yalibadilisha kina cha maziwa na kuvuruga vijito. Ushahidi wa Rangeley peke yake hauwezi kuyatenganisha mambo haya, kwa sababu yote yalitokea katika ziwa moja na katika kipindi kimoja. Lakini tukumbuke kwamba mikokoteni ilikuwa ikijazwa miaka mingi kabla ya wageni kuletwa, na kila Oktoba samaki walirudi. Baada ya salmoni na smelti kuenea, hawakurudi. Jambo lingine linastahili kusemwa wazi: waliolaumiwa zaidi walikuwa wakulima maskini wenye nyavu za mkono, na waliowamwaga wageni walikuwa watu wenye vyeo na fedha. Historia iliyoandikwa na wenye fedha ina kawaida ya kuzikumbuka nyavu na kuisahau ndoo ya samaki wageni.

Kwa bahati, lipo ziwa jingine lililotoa ushahidi ambao Rangeley haikuweza kuutoa. Trauti mgongo-buluu hakutoweka duniani. Ukoo wake ni wa samaki aitwaye chari wa Aktiki, na umesalia katika maziwa yasiyozidi 15 ya Maine. Moja ni Big Reed Pond, ziwa la hekta zisizofika 40 kaskazini mwa jimbo, lililozungukwa na msitu wa kale ambao haukuwahi kukatwa. Hapakuwa na bwawa la magogo, wala hoteli, wala mikokoteni ya chumvi. Mwaka 1991 walionekana humo smelti, ambao hawakuwahi kuwamo na hawangeweza kufika bila kubebwa na mtu. Chari wakaanza kupungua hadi wakahesabika. Wataalamu walilazimika kuwanasa wachache waliobaki, wakawahamishia kwenye kituo cha kuzalisha, na Oktoba 2010 ziwa zima likatiwa rotenoni ili kuwaua smelti wote. Rotenoni ni sumu ya mimea ya ukoo ule ambao wazee wetu waliutumia walipotwanga utupa na kuumwaga mtoni kuwalevya samaki. Mwaka uliofuata watoto wa wale chari walirudishwa majini. Hapa hakuna pa kujificha. Msitu ulikuwa mzima, maji yalikuwa safi, uvuvi ulikuwa mdogo, na bado samaki aliyekuwamo tangu barafu kuu ilipoyeyuka alikaribia kwisha kwa sababu ya samaki mgeni mwenye urefu wa kidole.

Hoja ya pili ni ya riziki. Salmoni waliletwa, wageni wakaongezeka, watu wakapata kazi, na hata Mzuka wa Kijivu usingekuwapo bila smelti. Je, si faida? Ni faida, na hakuna haja ya kuikana. Msomaji wa Afrika Mashariki anaijua hoja hii vizuri, kwa kuwa ameisikia kuhusu sangara. Michael Graham, aliyelichunguza Ziwa Victoria mwaka 1927 hadi 1928, alionya kwamba kumwingiza mla samaki mkubwa bila utafiti ni hatari. Katika miaka ya 1950 sangara kutoka Ziwa Albert wakaingizwa hata hivyo. Kufikia miaka ya 1980 walikuwa wamelitawala ziwa, viwanda vya minofu vikafunguliwa, na fedha za kigeni zikaingia. Wakati huohuo aina nyingi za furu, yapata 200 kwa makadirio ya wataalamu, zilitoweka au zikapungua mno. Kwa hiyo jibu kwa wanaotaja faida ni kwamba hesabu yao ina safu moja tu. Faida ya samaki mgeni huhesabika kwa kilo na kwa tiketi za hoteli. Hasara yake ni kitu ambacho hakinunuliki tena kwa bei yoyote, na hulipwa na watu ambao hawakuulizwa: mkulima wa Rangeley aliyepoteza samaki wake wa chumvi wa Oktoba, au mama wa Ukerewe aliyezoea furu wa kitoweo cha jioni. Nyavu zikizidi unaweza kuzipunguza, na msimu unaweza kuufunga. Kiumbe kinachozaa hakifungwi kwa sheria baada ya kuachiwa.

Hoja ya tatu ni ya haki, nayo ni nzito kuliko zote. Maziwa mengi ya kaskazini yana sheria ya nzi wa bandia peke yake, na wengi wameiona kuwa sheria ya matajiri: mwenye fimbo ya bei ghali anakaribishwa, mtoto mwenye mnyoo kwenye ndoana anafukuzwa. Lawama hiyo ina ukweli wake, hasa kwa kuwa vyama vya zamani vilichukua mwambao ambao wenyeji waliuzoea. Lakini sheria ya Maine ya mwaka 2005 imeonyesha njia iliyo bora. Iliorodhesha maziwa yenye trauti wa kijito wa asili ambayo hayajawahi kupandikizwa samaki, na baadaye mengine, yakiwemo maziwa ya chari, yakaongezwa. Katika maziwa hayo ni marufuku kupandikiza samaki, na ni marufuku kutumia samaki hai kuwa chambo. Sheria yenyewe haikumkataza mtu mnyoo. Kilichozuiwa ni ndoo ya samaki hai, kwa sababu mvuvi akichoka jioni humwaga chambo kilichobaki majini, na kile anachodhani ni kuwahurumia samaki wachache huwa mwanzo wa mwisho wa ziwa. Hapo ndipo ubora wa nzi wa bandia unapoeleweka vizuri. Hafai kwa sababu ni wa mabwana, wala kwa sababu hamuumizi samaki. Anafaa kwa sababu ni manyoya na uzi, na mnyoo wa mtoto maskini unastahili heshima iyohiyo pale ambapo hauwezi kuligeuza ziwa.

Leo Maine inashikilia zaidi ya sehemu tisa kwa kumi za maziwa ya Marekani ambamo trauti wa kijito wa asili bado wanaishi na kujizalia wenyewe. Hazina hiyo haikuokolewa na vituo vya kuzalisha samaki; sehemu kubwa yake ni maji ya mbali msituni ambayo watu hawakupata nafasi ya kuyatengeneza. Hilo ndilo neno ambalo historia hii inatuachia sisi pia, tunaoishi kando ya Victoria, Tanganyika, Nyasa na maziwa madogo yasiyotajwa kwenye ramani nyingi. Atakapokuja mtu mwenye nia njema na ndoo ya samaki wanaokua haraka, aulizwe kwanza ni nani anayeishi humo tayari, anataga mwezi gani, na ni nani atakayemtoa mgeni iwapo hesabu itakosewa. Akishindwa kujibu, arudi na ndoo yake. Huko Rangeley majani yanapukutika kila mwaka, maji yanapoa, na wavuvi wa nzi wanakuja. Trauti mgongo-buluu, ambaye Oktoba ilikuwa yake, hajarudi katika maziwa hayo kwa zaidi ya miaka 100.